Filamu ya mastaa sita, na ukumbi mzima Dodoma umecheka mara moja tu

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu utakuwa mrefu kwa sababu naandika nikiwa bado na uchungu wa Jumamosi. Filamu sitaitaja kwa jina, na waigizaji pia sitawataja. Sina ugomvi na mtu na sitaki tuishie kutukanana. Waliokuwa ukumbini wataitambua wakisoma aya mbili.

Trela ilizunguka kwenye simu zetu karibu miezi miwili. Bango lina sura sita: wachekeshaji wanne ambao nchi nzima inawajua, msanii mmoja wa Bongo Fleva na dada mmoja maarufu wa mitandaoni. Ila mimi sikuvutwa na sura, nilivutwa na hadithi. Kijana wa Dar anarithi shamba la zabibu la babu yake huku Dodoma, lakini wazee wa ukoo wanamwambia hakabidhiwi mpaka alilime mwenyewe msimu mmoja hadi mavuno. Wakuu, mimi ni mtoto wa Mpunguzi. Ada yangu ya sekondari imelipwa na zabibu. Najua kuamka saa kumi alfajiri kukata mashada kabla jua halijawa kali, najua mikono inavyonata, najua baba anavyompigia mnunuzi na simu inaita tu bila kupokelewa. Nikasema leo tumefikiwa, kuna watu wameona kwamba maisha yetu yana hadithi ndani yake.

Nikakata tiketi tatu za shilingi 15,000: yangu, ya mke wangu na ya mama. Mama ana miaka 68 na hajawahi kukaa mbele ya skrini kubwa. Alifika mjini tangu mchana, amevaa kitenge alichokuwa amekitunza kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu. Mastaa wenyewe walishuka na SGR siku hiyohiyo, wakapiga picha stesheni, wakapita Nyerere Square wakisalimia watu. Mji ulichangamka.

Na hili nataka lieleweke: watu walikuja kucheka. Ukumbi ulijaa mpaka viti vya plastiki vikaongezwa pembeni. Kulikuwa na watumishi wa serikali wa Mtumba, wanafunzi wa UDOM, familia na watoto wao. Staa wa kwanza alipotokea, vigelegele na miluzi vikajaa. Kile hakikuwa kicheko bado, ilikuwa salamu. Unamsalimia mtu unayempenda, halafu unamsubiri aseme alichokuja nacho.

Hakuja na kitu.

Dakika ya tano anaanguka na bodaboda. Sawa. Wakarudia anguko lilelile kwa mwendo wa polepole, kisha mara ya tatu kutoka upande mwingine, na ngoma inapigwa kutuonyesha kwamba hapa ndipo pa kucheka. Akaanza kupiga kelele. Akakutana na mwenzake, naye akapiga kelele. Kisha kila staa akapewa mlango wake wa kuingilia: muziki unabadilika, kamera inapanda kutoka kwenye viatu hadi kwenye miwani, anautoa ule msemo wake tuliousikia kwenye klipu zake mara mia, anakaa pembeni, anasubiriwa mwingine. Nilitazama saa. Mpaka wa sita anaingia ilikuwa dakika ya 38, na shamba la zabibu bado hatujaliona.

Hapo ndipo mama akaniinamia, akauliza kwa sauti ya chini: "Baba, huyu kijana hasa shida yake nini?"

Nilikosa jibu. Kwenye bango shida yake ni shamba. Kwenye filamu hana chochote anachoogopa kukikosa. Gari analo, pesa anazo, kila anayekutana naye anamshangaa na kumsifu. Shamba likimponyoka anarudi zake Dar kwenye maisha yaleyale. Sasa nimcheke kwa lipi? Mtu anachekesha akiwa anakitaka kitu mpaka jasho linamtoka, na kila akikikaribia kinasogea.

Shamba lilipofika, ndiyo nikainamisha kichwa. Zabibu zilikuwa zile za kijani, ndefu, zisizo na mbegu, za kununua dukani kwenye boksi, zimefungwa kwa uzi kwenye uzio wa miti. Na mle ukumbini wakulima walikuwa wengi! Zabibu yetu ya mvinyo ni nyeusi, punje ndogo, shada limebanana, na mzabibu unatambaa kwenye waya uliovutwa kati ya nguzo. Nyuma ya shamba hilo ikaonekana minazi. Minazi, wakuu, kwenye nchi ya mibuyu na miguga. Mzee mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti, "Hapo ni Kigamboni, Dar," watu wakaguna. Kisha kijana akawakuta wazee watano wamekaa chini ya mti, akawaamkia kwa Kigogo "Mbukwa" bila hata kuvua miwani, na wazee wakafurahi. Mbukwa ni ya mtu mmoja; wazee watano unawaambia mbukwenyi. Mtoto wa miaka sita kwetu anajua hilo. Na ile lafudhi waliyotuvalisha ni ya mtu mpumbavu, si ya Mgogo. Utani tumeuzoea sisi, watani wetu wanatutania hadi msibani na tunalipa. Lakini mtani anakupata kwa sababu anakujua. Hawa hawakutujua na hawakuuliza.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kichekesho kilikuwa palepale shambani wakakiruka. Zabibu ikishakatwa haisubiri, joto linaianza siku hiyohiyo. Mfikirieni kijana asiyejua kitu, kwa sifa tu kaajiri watu wakakata shamba zima asubuhi moja. Makreti yamejaa, nyuki wamejaa, mnunuzi hapokei simu, Fuso imekufa njiani, na wazee wa ukoo wamekaa pembeni wanamtazama bila kusema neno. Anaamua kuwagawia majirani. Majirani nao wana zabibu. Hapo sihitaji mtu apige kelele. Jamaa akisimama tu kimya katikati ya makreti yake nitacheka mpaka machozi, kwa sababu nimemwona baba yangu amesimama vile, na siku ile nyumbani kwetu hakuna aliyecheka.

Kicheko cha kweli kilikuwa kimoja. Kijana ana haraka, ananunua karanga za shilingi 200 kwa bibi mmoja kando ya barabara, anatoa noti ya 10,000, anamwambia abaki na chenji. Bibi anakataa. Hataki hela isiyo yake. Chenji hana, na karanga hazirudi kwa kuwa zimeshashikwa. Basi anamkamata mkono, wanaanza safari ya kutafuta chenji. Nyumba ya kwanza hakuna. Ya pili wanakaribishwa ugali na mlenda, na huwezi kuondoka hujaonja. Ya tatu kuna msiba, inabidi wakae kwanza. Bibi hatabasamu hata mara moja, ana uso wa mtu aliye kazini. Mama alicheka mpaka akajishikiza kwenye bega langu. Ukumbi mzima ulikuwa unapigana vibao vya mgongo. Ilikuwa dakika tatu, labda nne. Halafu wakamkata bibi katikati ya safari, wakaturudisha kwa mastaa na kelele zao, na bibi hatukumwona tena.

Nilimkumbuka mchekeshaji King Majuto, Mungu amrehemu, tuliyempoteza Agosti 2018. Mzee yule alikuwa staa kweli, jina lake peke yake liliuza. Lakini akiigiza bahili, ile hela ilikuwa inamuuma, unaiona usoni. Hakusimama kusubiri tumcheke.

Mliokuwepo semeni mlichoona. Nawasilisha.

Mdau wa Nkuhungu

Pole mkuu. Nilikuwepo, tena nimekaa VIP kwa 50,000. Baada ya saa moja mstari wetu wote ulikuwa umewasha simu. Sijaongeza wala kupunguza.

Mdau wa Kisasa

Mleta mada, nakuheshimu ila umekuwa mkali mno. Nilikwenda na wanangu wawili na walifurahia lile anguko la bodaboda, mpaka leo wanaliigiza sebuleni. Wiki nzima mtu yuko ofisini na mafaili, Jumamosi anataka kupumzika, anataka kuona sura anazozipenda. Si lazima kila kitu kiwe somo la kilimo. Rangi ya zabibu inakuhusu wewe uliyezilima. Wangu wa Kisasa hawajui hata zinaota wapi.

Mleta mada

Ndugu wa Kisasa, nimekuelewa, na furaha ya watoto wako siipingi. Hata mimi napenda mtu akianguka, binadamu wote wanapenda. Lakini angalia tofauti. Angekuwa amebeba mtungi wa pombe ya mahari, amechelewa, wakwe wamesimama mlangoni wanamwona anavyokuja, anguko moja lingetosha, wasingelirudia mara tatu. Wanarudia kwa kuwa wanajua halikubeba kitu.

Na kuhusu zabibu, hao watoto wako wasiojua zinaota wapi ndio walitakiwa watoke ukumbini wakijua. Wametoka wakiamini zinafungwa kwa uzi.

Mdau aliyesoma sanaa za maonyesho UDOM

Naomba niongeze hapo kwenye swali la mama, maana mama kamaliza darasa letu la muhula mzima kwa sentensi moja. Kitu cha kwanza tulichofundishwa kuuliza kuhusu mhusika ni hicho: anataka nini, na nani anamzuia. Ukikosa jibu, hata umlete nani atabaki kupiga kelele, kwa sababu kelele ndiyo kazi pekee iliyobaki.

Jambo la pili ni klipu. Wachekeshaji wetu wengi wa sasa wamekulia kwenye klipu za dakika moja, na kwenye dakika moja wako vizuri sana, sitawavunjia heshima. Klipu inahitaji hali moja na mgeuko mmoja mwishoni. Filamu ya karibu saa mbili inataka tatizo la kwanza lizae la pili, la pili lizae la tatu, kama huyo bibi na chenji yake. Mbona ile ilichekesha? Nyumba ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza, ya tatu ni mbaya kuliko ya pili, na kila mara kijana anazidi kuchelewa. Mle ndani kuna filamu nzima. Wao wamechukua klipu themanini wakazishona pamoja, wakadhani wamepata nguo.

Na watu wasidhani vichekesho ni kazi ya kuropoka mbele ya kamera. Charlie Chaplin, kwenye filamu yake ya mwaka 1931, alirudia kupiga tukio moja la binti kipofu muuza maua zaidi ya mara 300. Tukio dogo tu. Alikuwa anatafuta sababu ya yule binti kuamini kwamba maskini aliye mbele yake ni tajiri, mpaka akaipata kwenye mlio wa mlango wa gari unaofungwa, binti akausikia akadhani ni tajiri ameshuka. Na Chaplin wakati huo alikuwa staa anayejulikana dunia nzima. Jina lilikuwepo, akaamua kwamba jina halitoshi.

Mdau wa Dar, nafanya kazi kwenye utayarishaji

Sikuwa Dodoma na filamu hiyo sikufanya mimi, lakini mambo mnayoyaeleza ninayaishi, acheni niwape upande wa jikoni.

Mara nyingi hadithi haianzi. Yanaanza majina. Mtayarishaji akienda kwa mdhamini, swali la kwanza ni nani yumo na ana wafuasi wangapi. Ukisema una hadithi nzuri ya shamba la zabibu anakutazama tu. Ukitaja majina sita anatoa kalamu. Kwa hiyo unalipa malipo ya awali ya majina sita, na ukimaliza, fungu la mwandishi limeshaliwa. Skripti inaandikwa kwa wiki mbili na mtu ambaye hata nauli ya kwenda Mpunguzi kuangalia mzabibu hakupewa.

Pili, staa ana ratiba. Huyu anakupa siku tatu, yule mbili, mwingine asubuhi moja kabla ya kusafiri. Waliokuwepo jaribuni kukumbuka: mastaa wote sita mliwaona pamoja kwenye picha moja mara ngapi? Vichekesho vinataka mtu na mwenzake, jicho kwa jicho, mmoja atupe na mwingine adake. Ukimpiga mmoja Jumanne na mwenzake Ijumaa kisha mhariri akawaunganisha, kila mmoja alikuwa anaongea na ukuta.

Na Kigamboni ni hivyohivyo. Kuhamisha watu thelathini na vifaa hadi Dodoma, kuwalaza na kuwalisha, ni hela ambayo ilishakwenda kwenye majina. Sitetei. Naeleza tu kwamba kosa lilifanyika miezi mingi kabla kamera haijawashwa.

Mleta mada

Mkuu, umenifungua macho. Nimekaa nikakumbuka: wote sita walionekana pamoja mara moja tu, kwenye ile ngoma ya mwisho.

Lakini hapa sikubaliani na mdhamini. Watu tulijaa kwa sababu ya majina, ni kweli. Je, filamu ya pili nitakata tiketi tatu tena? Mama hawezi kurudi. Jina lilitufikisha mlangoni mara moja, na sasa limetumika.

Mama wa Makole

Hamjambo wanangu. Mimi ni mstaafu, nasoma tu humu, leo nimeguswa.

Sisi tulicheka bila kuona sura ya mtu. Redio ilikuwa moja mtaani, ya Philips, tunakusanyika kwa jirani kusikiliza Pwagu na Pwaguzi ya Radio Tanzania. Wale watu wawili ukipishana nao njiani usingewajua. Hawakuwa na miwani wala kamera ya kuwapandisha kutoka viatuni. Walikuwa na ujanja wao tu, huyu anamtega yule, yule kashamtega huyu, na sisi tunajua mtego uko wapi kabla wao hawajajua. Mume wangu alikuwa mtu mkimya sana, lakini kipindi kile kilimtoa machozi ya kicheko. Kesho yake kazini wanasimuliana upya.

Huyo bibi wa karanga namjua. Simaanishi yeye mwenyewe, namaanisha wa namna yake wako wengi mitaani kwetu. Mwanamke asiyetaka hela ya bure. Nimefurahi kwamba angalau mmoja ameonyeshwa.

Mleta mada

Shikamoo mama. Asante sana. Nimemsomea mama yangu ulichoandika, anasema kwao redio ilikuwa ya mwalimu mkuu.

Mdau wa Kisasa

Nimerudi. Nimesoma yote, na nimewauliza wanangu jana wakati wa kula ni wapi walifurahi zaidi. Mkubwa alisema bodaboda. Mdogo, ana miaka tisa, akaniuliza, "Baba, yule bibi alipata chenji?" Nimekosa la kumjibu, kwa sababu filamu haikusema. Hapo, mleta mada, nakupa. Ukimwacha mtoto wa miaka tisa na swali la namna hiyo na ukaona halina maana kulijibu, hukujua ulichokuwa nacho mkononi.

Bado nasema uliwachapa sana wale wachekeshaji. Wawili kati yao nimewafuata tangu wanaanza na najua wana uwezo.

Mleta mada

Na mimi najua wana uwezo, ndugu yangu. Ndiyo maana inauma. Wangekuwa hawana, ningesinzia nikarudi nyumbani. Yule aliyepewa nafasi ya mjomba, kuna sehemu moja anapewa hati ya shamba aisome, na hajui kusoma, na hataki watu wajue. Akaishika, akaisogeza mbali, akaileta karibu, akaanza kusema "ndiyo... ndiyo..." Ukumbi ulianza kunyamaza vile watu wanavyonyamaza kabla ya kucheka. Tulikuwa tayari. Sekunde kumi nyingine tungepasuka. Mhariri akakata, akaweka sauti ya mbuzi.

Mdau wa Nkuhungu

Sauti ya mbuzi naikumbuka. Niliumia.

Mdau aliyesoma sanaa za maonyesho UDOM

Mleta mada, huyo bibi anaitwa nani? Kwenye bango hayupo, kwenye trela hayupo. Kuna wenzangu wawili wanaandaa mchezo wa jukwaani, wanatafuta mama mtu mzima, na kwa unavyomweleza ni kama huyo.

Mleta mada

Nilijaribu, mkuu. Majina ya mwisho yalipoanza kupita taa zikawashwa, muziki ukafunguliwa, MC akapanda kuwaita mastaa jukwaani wapigwe picha, na maandishi yakapita mbio juu ya vichwa vyao. Nilinyanyua simu nikapiga picha mbili. Kwenye moja kinaonekana kichwa cha MC. Kwenye nyingine linasomeka neno "Muuza karanga" na mbele yake herufi mbili tu, zilizobaki zimefunikwa na mwanga.

Kesho nina kazi mjini karibu na ukumbi ule. Nitapita nimuulize kijana aliyekuwa anaendesha mitambo kama bado anayo nakala, nikilipata jina nitaliweka hapa.